Kurekebisha Kasta na Mtikisiko wa Usukani kwenye Land Cruiser Iliyoinuliwa: Mwongozo Kamili

Gari likishainuliwa kwa spring mpya na shokapu ndefu, lalamiko la kwanza huwa la usukani. Aliyeinua gari atakwambia tatizo ni matairi. Muuza matairi atakuelekeza kwenye alaimenti. Wa alaimenti atafunga mashine yake, atatazama namba, kisha atakwambia kwamba ekseli ya mbele ni bomba moja na hapo hana cha kugusa. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, ila wewe bado unaendesha gari linalotangatanga barabarani kama halina mwenyewe, na siku likikanyaga shimo kwa spidi ya 70 usukani unatikisika hadi mikono inauma.

Mwongozo huu ni wa magari yenye ekseli nzima mbele, spring za koili, mikono miwili inayotoka kwenye ekseli kurudi nyuma hadi kwenye chasisi, na panadi rodi inayozuia ekseli isiende kushoto na kulia. Mfano wangu ni Land Cruiser 80, iliyoanza kutoka mwaka 1990, pamoja na 78 na 79, ambazo Toyota ilizipa koili mbele mwaka 1999. Ndizo unazozikuta Arusha na Nairobi zimekatwa paa kwa ajili ya watalii. Nissan Patrol ya Y60 na Y61, na Land Rover Defender, zina mpango uleule, kwa hiyo karibu yote yaliyomo humu yanazihusu pia. Gari lako likiwa na spring za majani mbele, kuna aya yako huko mbele. Likiwa Prado au Hilux yenye mikono huru kila upande, tiba yake ni mikono ya juu iliyotengenezwa kwa gari lililoinuliwa, na mashine ya alaimenti inaweza kurekebisha sehemu kubwa. Huko sitaingia.

Kabla ya lolote, shika mpangilio huu: ondoa ulegevu kwanza, kisha pima, ndipo ununue kifaa cha kurekebisha kasta (mlalo wa mhimili wa gurudumu, naueleza hapa chini). Wengi huanzia dukani. Matokeo yake ni gari lenye bushi (mipira ya viungo) mpya za bei na mtikisiko uleule, wakati mwingine umezidi.

Kasta ni nini, na kwa nini kuinua gari kunaiua

Gurudumu la mbele linageuka kwenye mhimili unaopita katika beringi mbili za kingpini, moja juu na moja chini ya nako, kile chuma kinachobeba gurudumu na kugeuka nalo. Ukilitazama gari kwa ubavu, mhimili huo haujasimama wima. Kichwa chake kimelala kidogo kurudi nyuma, na mlalo huo ndio kasta. Angalia uma wa mbele wa baiskeli ulivyolala: ndiyo sababu mtu anaweza kuachia mikono na baiskeli ikaendelea kwenda moja kwa moja. Kwenye gari, kasta ndiyo inayorudisha usukani katikati ukitoka kwenye kona, na ndiyo inayolishikilia gari kwenye mstari bila wewe kulisahihisha kila sekunde.

Land Cruiser 80 hutoka kiwandani ikiwa na kasta karibu na digrii 3. Ukiinua gari, chasisi inapanda, ekseli inabaki ilipo. Mkono umefungwa nyuma kwenye chasisi na mbele kwenye ekseli kwa bolti mbili, kwa hiyo mkono ukiinama, ekseli inazunguka pamoja nao: kichwa cha kingpini kinaenda mbele na kasta inapungua. Kiasi gani? Huna haja ya kubahatisha. Pima urefu wa mkono kutoka kati ya bolti ya chasisi hadi kati ya ekseli, kisha zidisha sentimita ulizoinua kwa 57, ugawanye kwa urefu huo. Mkono wa sm 90, gari lililoinuliwa sm 5: 57 mara 5 ni 285, gawanya kwa 90, unapata digrii 3 na kidogo. Yaani zile digrii 3 za kiwandani zimekwisha, umebaki na sufuri. Hiyo ndiyo hali ya magari mengi ya inchi mbili yanayopita barabarani, na wenyewe wanasema tu kwamba gari ni jepesi usukani.

Kuna jambo la pili ambalo halisemwi sana. Nyuma ya gari ikikaa juu kuliko mbele, gari zima limeinama na kasta imeinama nalo. 80 ina sm 285 kati ya ekseli na ekseli, kwa hiyo nyuma ikipanda sm 5 zaidi ya mbele, umepoteza digrii 1 nyingine. Magari ya safari hufungwa spring ngumu nyuma kwa ajili ya wageni, mizigo na mafuta ya akiba. Yakirudi matupu mkia uko juu, nayo huyumba. Yakipakia, yanatulia. Ukisikia dereva anasema gari lake linaendesheka vizuri likiwa na mzigo tu, anza kushuku hapo.

Tofautisha ugonjwa kabla ya dawa

Watu huita yote “usukani kucheza”, lakini ni mambo matatu.

La kwanza ni kutangatanga. Gari halitikisiki, ila halikai kwenye mstari, usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na lori likikupita unasukumwa. Hiyo ni dalili ya kasta ndogo, ingawa boksi la stelingi (boksi la gia za usukani) lililolegea na upepo mdogo wa matairi huleta sura inayofanana.

La pili ni mtetemo mwembamba unaoanza kwenye spidi fulani, mara nyingi kati ya 80 na 110, ukizidisha spidi unapungua au kuhama. Hayo ni matairi: balansi, rimu iliyopinda, tairi lenye uvimbe. Usisahau tope. Ule udongo mweusi wa mfinyanzi wa Serengeti na wa tambarare za Athi ukikauka ndani ya rimu, kwa upande usioonekana, unaweza kuwa mzito kuliko risasi zote za balansi ulizolipia. Lala chini na tochi, kwangua kwa bisibisi, kisha osha. Nimeona watu wakibadilisha tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, kwa sababu ya tope.

La tatu ndilo la kutisha. Unakanyaga shimo au kiungo cha daraja ukiwa kwenye 60 au 80, ghafla ekseli nzima inapiga kushoto na kulia kwa nguvu, dashibodi inaruka, na haiachi mpaka upunguze mwendo karibu na kusimama. Wamarekani wenye Jeep na Ford Super Duty wanaliogopa hasa hili. Chanzo chake ni ulegevu: mahali fulani kuna chuma kinachocheza ndani ya tundu lake, na matairi makubwa mazito yanakisukuma huku na huku kwa mdundo unaojilisha wenyewe. Kasta ndogo si chanzo chake. Na ukiongeza kasta kwenye ekseli iliyolegea, unaweza kuukuza mdundo huo badala ya kuuzima.

Likikupata njiani, shika usukani imara bila kupigana nao, toa mguu kwenye mafuta, shuka mwendo taratibu. Usikanyage breki kwa kishindo.

Kuwinda ulegevu

Tafuta msaidizi mmoja. Magurudumu yakiwa chini, injini ikiwa inawaka, gia haina kitu, breki ya mkono imevutwa na mawe yamewekwa mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, mwambie ageuze usukani kidogo kushoto na kidogo kulia, haraka haraka, bila kuacha. Wewe lala chini mbele ya gari, si kati ya magurudumu, na usome kiungo kimoja baada ya kingine.

Anza na panadi rodi. Weka kidole nusu juu ya jicho la rodi na nusu juu ya mabano yake. Jicho likitambaa hata milimita moja ukilinganisha na mabano, umepata mkosaji wa kwanza. Angalia pia kuzunguka kichwa cha bolti: vumbi jekundu la kutu lililotoka kama unga, au chuma kilichong'aa kama kimepigwa msasa, maana yake bolti inacheza ndani ya tundu. Bolti iliyokaa muda mrefu ikiwa imelegea hulifanya tundu kuwa yai, na hapo kukaza peke yake hakutasaidia. Tundu lijazwe kwa kuchomelea na kuchongwa upya, au washa nene ichomelewe juu yake. Nasema panadi kwanza kwa sababu ndiyo inayopatikana na hatia mara nyingi kuliko zote.

Nenda kwenye boli jointi za tairodi na za rodi inayotoka kwenye boksi la stelingi. Jointi ikipanda na kushuka kabla ya kusukuma, imekufa. Kisha boksi lenyewe: tazama bolti zinazolifunga kwenye chasisi, na futa uchafu wa eneo hilo uangalie nyufa. Chasisi iliyopasuka karibu na boksi huonekana kama mstari mwembamba wa kutu, na hufunguka tu usukani ukigeuzwa. Ukiiona, gari lisimame hapo hadi lichomelewe na kuwekewa bati la kuimarisha. Skrubu ya juu ya boksi inaweza kukazwa kidogo kupunguza ulegevu, magurudumu yakiwa yamenyooka, lakini ukiizidisha usukani utagoma kurudi na utalaumu kasta bure.

Sasa zima injini, piga jeki, weka stendi chini ya ekseli. Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, bado hujajua ni beringi ya gurudumu au ya kingpini. Mwambie msaidizi akanyage breki, kisha urudie. Mchezo ukipotea, ni beringi ya gurudumu: breki imeliunganisha gurudumu na nako, kwa hiyo kilichokuwa kinacheza kati yao kimefungwa. Mchezo ukibaki, ni kingpini.

Beringi ya gurudumu kwenye Toyota hizi hukazwa kwa soketi ya mm 54. Usikubali fundi akaze nati kwa patasi na nyundo. Inawezekana, wengi wanafanya, na ndiyo sababu nati nyingi za magari ya mitumba zina meno yaliyoliwa. Zile washa za koni zinazoshika flanji hung'ang'ania. Zigongwe kwa kipande cha shaba pembeni hadi ziruke zenyewe.

Kingpini hukazwa kwa kupunguza shimu (vibati vyembamba) zilizo chini ya kifuniko cha nako. Fungua tairodi, funga mizani ya kamba kwenye mkono wa nako na uvute: nako iwe na ukinzani laini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kiasi kamili kimo kwenye kitabu cha huduma cha gari lako. Nako inayozunguka kwa kidole kimoja imelegea hata kama haionyeshi mchezo, na kwa mtikisiko ule wa tatu, mara nyingi hii ndiyo dawa yenyewe. Ukifungua na kukuta grisi imegeuka uji mweusi, mafuta ya difu yamevuja kuingia humo, kwa hiyo badilisha na sili. Kazi ni chafu, ila hairudiwi mara kwa mara.

Mwisho, chomeka mtaimbo kati ya mkono na ekseli, kisha kati ya mkono na chasisi, na usukume. Bushi nzima hunyumbuka na kurudi. Bushi iliyokufa huacha chuma kigonge chuma.

Kupima kasta bila mashine

Gari liwe na mzigo wake wa kawaida na upepo sawa kwenye matairi. Sakafu isiwe na mteremko wa mbele kwenda nyuma, kwa kuwa mteremko huo unaingia moja kwa moja kwenye jibu. Ule wa kushoto kwenda kulia hausumbui sana, kwani unajifuta kwenye hesabu.

Weka chini ya kila tairi la mbele vipande viwili vya bati au vigae, grisi katikati, ili tairi ligeuke bila kung'ang'ania. Matairi ya nyuma nayo yainuliwe kwa unene huohuo. Chora sakafuni mstari wa mita 1 sambamba na gari, mwisho wake pima sm 36 kwenda pembeni, unganisha na mwanzo: hiyo ni digrii 20. Fanya hivyo kwa pande zote mbili.

Breki ikiwa imekanyagwa kwa ubao uliobanwa na kiti, geuza hadi gurudumu la kushoto lielekee nje digrii 20. Simamisha rula ndefu kwenye kingo za rimu, juu na chini, weka kipimo cha pembe cha kidijitali au simu, andika kemba, yaani mwinamo wa tairi: kichwa cha tairi kikiinama nje ni jumlisha, kikiinama ndani ni toa. Kisha geuza hadi gurudumu hilohilo lielekee ndani digrii 20, pima tena. Toa kipimo cha pili kutoka cha kwanza, zidisha kwa 1.5. Jibu ndilo kasta.

Mfano: nje umepata jumlisha 1.1, ndani jumlisha 0.9. Tofauti ni 0.2, mara 1.5 ni digrii 0.3. Hilo ni gari la inchi mbili lisilorekebishwa. Baada ya kazi, ukipata nje jumlisha 1.8 na ndani toa 0.4, tofauti ni 2.2, kasta ni 3.3. Pima kila upande mara mbili. Vipimo visipokaribiana, tairi halikuwa linateleza juu ya grisi.

Pande mbili zikitofautiana zaidi ya nusu digrii, gari litavuta kuelekea upande wenye kasta ndogo, na huenda ekseli imejikunja. Usijaribu kusawazisha kwa kuweka bushi tofauti kila upande. Mikono itakuwa inapigana kupitia ekseli, na bushi zitalipa.

Lengo la matumizi ya kawaida ni kati ya digrii 3 na 4. Matairi mapana yakiwa kama 285 huvumilia kufika 4.5. Zaidi ya hapo usukani unakuwa mzito na ule mdundo unapata nguvu ya kuanza.

Kuchagua tiba

Gari lililoinuliwa hadi sm 5 linatoshwa na bushi zenye tundu lililohama kutoka katikati. Zinaingia mahali pa zile za zamani, hakuna kukata wala kuchomelea, na gari haliguswi umbo. Zipo za mpira na za plastiki ngumu ya poliyurethani. Mimi nachagua za mpira, hata kama muuzaji wa Gerezani au Kirinyaga Road anaapa kwamba za rangi ndizo za kisasa. Mikono hii hulazimika kujinyonga kila gurudumu moja likipanda peke yake, na bushi ngumu inapeleka mnyongo huo kwenye mabano ya ekseli. Kwenye barabara yenye makunyanzi mchana kutwa, mpira unameza na ile ngumu inapiga kelele, kisha inapasuka.

Kuanzia sm 7 hadi 10, bushi hazifiki. Hapo kuna mabano ya kushusha mwisho wa mkono pale kwenye chasisi, ambayo yanaurudisha mkono kwenye pembe yake ya asili na kulainisha mwendo, ila yananing'inia na kugonga mawe. Kuna sahani zinazohamisha bolti pale kwenye ekseli, zenye nguvu lakini zinahitaji kuchomelewa na mtu anayejua kazi. Na kuna mikono mipya iliyotengenezwa na pembe tayari, ya gharama kubwa na safi kuliko zote. Ningekuwa na gari la biashara linalolala porini, ningenunua mikono.

Kila tiba ina deni moja. Ukirudisha kichwa cha ekseli nyuma, pua ya difu inashuka, na jointi za propela ya mbele zinapinda zaidi. Kwenye 80 zenye magurudumu manne yanayofanya kazi muda wote, propela hiyo haipumziki, kwa hiyo unaweza kusikia mnguruo mpya ukitoa mguu kwenye mafuta. 78 na 79 zenye habu za kufunga na kufungua hazitakusumbua mpaka uzifunge. Mnguruo ukiwa mkubwa, dawa ni propela yenye jointi mbili upande wa giaboksi. Usirudi nyuma kupunguza kasta ili kuinyamazisha.

Wenye spring za majani: tiba yenu ni kabari ya chuma kati ya spring na kiti cha ekseli. Spring ikiwa juu ya ekseli, upande mnene wa kabari unakaa nyuma. Spring ikiwa chini ya ekseli, upande mnene unakaa mbele. Itumike ya chuma, si ya alumini, maana alumini hupasuka ikagongwa na makunyanzi. Na bolti ya katikati ya spring ipite ndani yake.

Kufunga bushi

Fanya mkono mmoja kwa wakati, usifungue yote miwili kwa pamoja.

Stendi zikae chini ya chasisi, jeki ya magurudumu ishikilie ekseli. Fungua fimbo ya kuzuia gari kulala na mwisho wa chini wa shokapu pande zote mbili. Legeza, bila kutoa, bolti za mkono wa upande wa pili. Kisha toa nati na bolti tatu za mkono unaoanza nao. Bolti ya nyuma ikiwa imeshikana na kutu, mwaga mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia. Kuipiga nyundo kunaua uzi.

Kabla ya kutoa bushi za zamani, chora kwa rangi nyeupe mstari unaopita katikati ya macho mawili ya mbele ya mkono. Mstari huo ndio utakaokuongoza. Bushi zitoke na kuingia kwa presi, tani 20 zinatosha. Tafuta kipande cha bomba kinachokaa kwenye ganda la nje la bushi, kwani ukisukuma mpira wa katikati utaiharibu kabla haijafika barabarani.

Hapa ndipo kosa kubwa hutokea, kwa hiyo nenda polepole. Tunataka ekseli izunguke hadi kichwa cha kingpini kirudi nyuma, maana yake upande wake wa mbele unyanyuke na wa nyuma ushuke. Kwa hiyo kwenye jicho la mbele kabisa, tundu la bushi likae juu. Kwenye jicho la pili, lile lililo nyuma ya ekseli, tundu likae chini. Simamisha mkono kama utakavyokaa kwenye gari, andika JUU kwa chaki, kisha ndipo ubonyeze presi. Zikiingia kinyume hutasahihisha kasta, utaipunguza maradufu, na gari litakuwa hatari. Linganisha na karatasi iliyokuja na bushi, maana baadhi ya seti hubadilisha jicho moja tu.

Rudisha mkono, bolti ziingie bila kukazwa. Mkono wa pili ukifika, matundu hayatalingana tena kwa sababu ekseli inatakiwa izunguke. Funga kamba ya rachi juu ya bomba la ekseli na uivute kuelekea nyuma kwenye chasisi, huku ukishusha na kupandisha jeki kidogo kidogo, hadi bolti iingie kwa mkono. Usiipige.

Rudisha magurudumu, shusha gari chini, lisukume mbele na nyuma, likanyage bampa litulie. Sasa tu, gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kaza bolti zote za mikono na za panadi kwa spana ya toki kwa namba za kitabu. Bushi ya mpira ikikazwa gari likiwa linaning'inia, imefungwa ikiwa imenyongwa, na itachanika baada ya muda mfupi.

Panadi, katikati, na matairi kuelekea mbele

Gari likipanda, panadi rodi inaisukuma ekseli upande mmoja. Pima kutoka ukingo wa chasisi hadi ukuta wa tairi, kushoto na kulia. Tofauti ya nusu sentimita haina neno. Ikizidi sentimita moja na nusu, tafuta panadi inayorekebishika urefu. Tazama pia kama panadi na rodi ya boksi zimelala sambamba zikitazamwa kwa mbele. Zisipokuwa sambamba, kila tuta litageuza usukani wenyewe. Ndiyo maana sipendi mtu ashushe mwisho mmoja wa rodi peke yake.

Usukani ukikaa pembeni baada ya kazi, usiung'oe na kuurudisha upya. Rekebisha urefu wa rodi ya boksi, ili boksi libaki katikati yake.

Kisha matairi kuelekea mbele, yaani kiasi yanavyokaribiana kwa mbele kuliko kwa nyuma. Chora mstari kwenye kila tairi la mbele, pima umbali kati ya mistari kwa mbele, sogeza gari hadi mistari ifike nyuma kwa urefu uleule, pima tena. Mbele pawe pafinyu kwa milimita 1 hadi 3. Legeza klampu za tairodi, zungusha bomba, kaza. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili na uangalie kama tairodi inagusa mikono, kwa sababu ekseli iliyozungushwa imeisogeza, hasa yenye sahani.

Kujaribu, na mahali pa dampa

Anza na lami tupu. Kwenye 40, geuza kona kisha legeza mikono: usukani urudi wenyewe. Panda 60, halafu 80, ukitafuta kutangatanga. Kisha nenda kwenye barabara ya vumbi, pita kwa makusudi juu ya tuta dogo gurudumu moja moja, mwendo ukiwa wa wastani. Mtetemo mwembamba ukibaki peke yake, hamishia matairi ya mbele nyuma. Mtetemo ukihama nayo hadi kwenye kiti, ni balansi au rimu.

Dampa ya stelingi, ile shokapu ndogo inayotuliza usukani, inakuja hapa, mwisho. Itoe, isukume na kuivuta kwa mkono: ukinzani uwe sawa mwendo wote, bila sehemu tupu. Ikiwa imekufa, weka mpya ya kawaida. Ila gari lililonyooshwa vizuri linapaswa kuendesheka hata dampa ikiwa imetolewa, walau kwa jaribio fupi la mwendo mdogo. Wale wanaofunga dampa mbili nene juu ya panadi iliyolegea wanaficha mtikisiko mpaka dampa zichoke, na wakati huo tundu la mabano limekuwa kubwa zaidi.

Baada ya km 500, au safari ya kwanza ya makunyanzi, rudia toki kwenye bolti za mikono, za panadi na za boksi. Pima kasta mara moja tena bushi zikishakaa, uandike jibu kwa kalamu ya rangi ndani ya boneti, pamoja na upepo wa matairi na mzigo uliokuwepo, ili fundi atakayekuja baadaye asianze kukisia.